Mbega wa Karura

Umeuliza kama kweli kuna mbega katika Msitu wa Karura, jijini Nairobi: wapo kabisa, ndugu, hukudanganywa. Hao mbega walihamishwa kutoka Kipipiri kule Nyandarua miaka ya 2010, na mimi huwaona nikitembea Karura asubuhi. Inua macho: hukaa juu sana wakila majani, na kinachowafichua ni ule mkia mrefu wenye manyoya meupe unaoning'inia. Wale wanaokusogelea ukifungua chakula ni kima, na tafadhali usiwape hata ganda la ndizi, wanazoea vibaya. Msitu wenyewe, mwanamazingira Wangari Maathai aliumizwa kichwa akiutetea mwaka 1999, kwa hiyo inaniuma kuona takataka mle ndani. Vaa viatu vyenye meno. Mvua ikinyesha, njia ya kwenda kwenye maporomoko huteleza sana.