Vidonge vya rangi mbili na mguu wangu uliovunjika

Nilipoanguka na bodaboda nilivunjika muundi wa goko, nikachubuka vibaya mkono na kiuno. Nilifungwa hogo, nikalala ndani wiki sita. Waliokuja kunipa pole walikuja na ushauri, na jirani yangu mmoja, kwa upendo kabisa, akaniletea vidonge vya rangi mbili, antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. "Meza hivi, mdogo wangu, vidonda vikauke upesi." Nikameza. Vilipoisha nikamtuma mtoto duka la dawa akaniongezee, bila cheti wala kipimo.

Nikaharisha wiki nzima. Chakula kilinishinda, nikakonda wakati ule ule mwili ulipohitaji kujijenga. Kliniki daktari akaniuliza, "Nani alikwambia una maambukizi?" Sikuwa na jibu, maana michubuko yangu ilikuwa safi tangu mwanzo.

Ndipo nikaanza kusoma habari za bakteria wa utumboni. Wapo matrilioni, wengi wao wanatufaa, na antibayotiki ikiingia haiwabagui na wabaya. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika maabara ya Diane Mathis na Christophe Benoist, walieleza jambo lililonishangaza. Katika panya, kuna askari wa kinga wanaolelewa utumboni kwa msaada wa bakteria; msuli ukiumia husafiri mpaka pale penye jeraha, wakatuliza uvimbe ili msuli ujijenge upya. Panya waliopewa antibayotiki walipungukiwa na askari hao, na misuli yao ikachelewa kupona. Miaka saba kabla, Chuo Kikuu cha Ohio State kilikuwa kimeona mambo ya jamaa hiyo kwa panya walioumia uti wa mgongo: waliovurugwa bakteria kwa dawa kabla ya jeraha walipona vibaya zaidi, na waliolishwa bakteria wa maziwa ya kuganda wakarudisha mwendo vizuri zaidi.

Hao ni panya, kwa hiyo sikwambii kwamba kikombe cha mtindi kinaunga mfupa. Ila kwangu ilitosha kuacha vidonge visivyo na sababu na kubadilisha sahani. Ndugu wa mgonjwa, nawaomba sana: soda, biskuti na mkate mweupe mnavyobeba kwenda wodini havina kitu cha maana cha kuwalisha bakteria hawa. Chakula chao ni nyuzinyuzi. Pelekeni maharage, mchicha, papai, ugali wa dona. Ongezeni mayai au dagaa kwa ajili ya mwili wenyewe. Mgonjwa anayelala siku nzima huku akinywa dawa kali za maumivu hufunga choo pia, na vyakula hivi pamoja na maji ya kutosha vilinisaidia mno.

Mtindi nilikunywa kila jioni. Maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe, maana mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela. Yakishaganda usiyapashe moto tena, utaua wale unaowataka.

Daktari akikuandikia antibayotiki, kwa mfano mfupa umetoboa ngozi au umefanyiwa upasuaji, meza kama ulivyoelekezwa mpaka dozi iishe, hizo zinaokoa mguu. Na kidonda kikitoa usaha au harufu, homa ikipanda, vidole vilivyo chini ya hogo vikifa ganzi, au ukiharisha damu, rudi hospitali siku hiyo hiyo.