Kabla hujaikimbia Kayumba kwa sababu ya wastani

Juzi mama mmoja wa Kinyerezi, Dar es Salaam, aliniandikia ujumbe mrefu. Mwanawe yuko darasa la tatu kwenye shule ya kulipia, ada imewashinda, na shule ya msingi ya serikali iliyo jirani nao, Kayumba kama tunavyoziita, ina wastani wa 158 kwenye matokeo ya darasa la saba. "Dada, 158 kati ya 300 si kumtupa mtoto? Na wanaosoma pale ni watoto wa aina gani?"

Nimeusoma mara tatu. Neno hilohilo la kutupa nililisikia sebuleni kwangu Januari 2021, wifi yangu akilitamka mbele ya wageni: "Kwa hiyo mmeamua kumtupa mtoto." Nikaenda jikoni nikakaa hukohuko mpaka walipoondoka. Mpaka leo linanichoma.

Mwaka 2020 corona ilipoingia, hoteli aliyokuwa akifanya kazi mume wangu iliwapunguza wafanyakazi karibu wote. Binti yangu naye alikuwa shule ya kulipia. Ada ya muhula mmoja tuliilipa kwa kuuza friji. Uliofuata tukakwama. Siku ya mtihani nilipigiwa simu nikamchukue binti yangu, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, begi magotini, wenzake wako ndani wanaandika. Hiyo shule siitaji jina, lakini ndiyo iliyokuwa ikijivunia wastani.

Basi Januari akaingia darasa la tano Kayumba. Mkondo wao ulikuwa na watoto 131. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wamekuja kwa maelfu, na ni haki yao kuja, ila madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima. Pesa hiyo hainunui hata begi la shule la maana.

Wiki ya kwanza alirudi analia. Hesabu alikuwa anazijua, lakini kwa Kiingereza. Mwalimu alipoandika ubaoni "Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6", aliganda. Aliyemwokoa ni mvulana wa dawati lake, mtoto wa mama anayekaanga vitumbua stendi. Siku moja binti yangu alikuja naye nyumbani, nikawaona kwa macho yangu. Mvulana alitoa vizibo vya soda mfukoni, akavipanga sakafuni mistari miwili, mmoja kwa mafungu ya vinne, mwingine kwa mafungu ya sita, mpaka mistari ikalingana kwenye kumi na mbili. "Hapo zimekutana, ndiyo jibu." Mtoto huyo alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama yake kubeba ndoo ya unga, na shati lake lilinuka mafuta ya kukaangia. Chenji alikuwa akiihesabu kichwani kabla mteja hajafunga mdomo.

Ndiyo jibu la swali lako la watoto wa aina gani, dada yangu. Kuna wa mama ntilie, wa bodaboda, wa askari, wa mwalimu wa hapohapo, waliotoka kijijini mwezi uliopita, na wengine wanalelewa na bibi. Kuna aliyefika darasa la nne anasoma kwa kusitasita na kuna aliyetangulia mbele ya wote. Wote wanaandikishwa mtihani. Baadhi ya shule za kulipia mtoto akiyumba anakaririshwa au mzazi anaambiwa amtafutie shule nyingine, kwa hiyo wanaobaki mpaka la saba ni waliochujwa. Sasa wastani wa waliochujwa unaulinganishaje na wa waliopokelewa wote?

Rudi kwenye ukurasa wa matokeo wa NECTA, Baraza la Mitihani, wa ile shule. Usiishie kwenye wastani. Angalia waliofanya mtihani ni wangapi, kisha shuka kwenye jedwali la madaraja. Mimi nilipoifungua ya kwetu, watahiniwa walikuwa 187 na wastani 158 kama huo wako, daraja C. Lakini A zilikuwa 9 na B 41. Yaani watoto 50 wamevuka alama 180, wakati shule aliyotoka binti yangu mwaka huo ilikuwa na watahiniwa 22 tu! Linganisha pia safu ya wasichana na ya wavulana, na uangalie D na E, maana hao ndio watakaokuonyesha kama shule inawafuatilia walio nyuma.

Halafu nenda. Narudia, nenda. Mwone mwalimu wa darasa, muulize mikondo iko mingapi, nani anafundisha hisabati, nani yuko likizo ya uzazi na nani kashika vipindi vyake. Nenda kwenye kikao cha wazazi, usimtume dada wa kazi. Fungua daftari kila jioni. Kwenye darasa la watoto 131 mwalimu hawezi kuyafikia madaftari yote, kwa hiyo kalamu nyekundu ya kwanza ni ya kwako. Wazazi tunataka mtoto afaulu huku daftari lake hatujalishika tangu mwezi wa pili, na hapo tunakosea sana. Nenda shuleni.

Binti yangu, darasa la sita lilipita tu. La saba, 2023, alipata 214, B. Mimi nililia kwa furaha. Nilikuwa nimeomba usiku na mchana apangiwe Kilakala, ile sekondari ya bweni ya wasichana ya Morogoro, akapangiwa sekondari ya kata, na sitakudanganya kwamba haikuniuma. Mvulana wa vitumbua alipata 229. Walipangiwa shule moja, wakawa wanapita kugongeana mlango saa kumi na moja na nusu asubuhi.

Wifi hajawahi kuuliza alipata ngapi.

Kwa hiyo dada yangu, Jumatatu fika pale kabla ya saa mbili, wakati watoto wako mstarini. Usianze ofisini kwa mwalimu mkuu. Simama karibu na mlango wa darasa la nne, uhesabu wanaoingia na madaftari yao.