Jiko la matope: watengenezee, ila maji ya ziwa hapana

Dada, umeuliza kama unaweza kuwatengenezea wanao wa miaka 3 na 5 jiko la kuchezea matope hapo Nyegezi, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kwa udongo na maji ya ufukweni. Jiko watengenezee, ila maji ya ziwa hapana kabisa. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi hata mtoto asipoyanywa, na konokono wanaovibeba hupenda penye magugu na maji yaliyotulia. Tumia ya bomba. Udongo nao chota mbali na choo na pale paka wanapojisaidia.

Meza isizidi kiuno cha yule mdogo. Yangu niliipima sentimita 50 hivi. Mbao za paleti zinatosha. Ng'oa misumari yote, piga msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa, kisha kata tundu la duara beseni likae kwa ukingo wake. Sufuria zilizotoboka, vifuu, mwiko wa zamani, vyombo vimetosha. Kama uwanja wenu ni wa mawe kama wetu, tia vijiwe chini ya miguu ya meza isiyumbe.

Kaa nao karibu, na jioni mwaga maji yote, hata ya ndoo: mtoto huzama kwenye maji machache. Kisha sabuni, mpaka kwenye kucha. Wangu jana wamepika sato wa matope, magamba yake majani ya mwembe.