Nchi nzuri za vitabuni: uliza kwanza nani anapika

Mkuu umeuliza hivi vitabu vya nchi zisizokuwepo na vya dunia ya miaka ijayo vinamsaidia nini mtu wa kawaida, na kama Waswahili tunavyo au ni vya Wazungu peke yao, alafu ukataka uambiwe uanze na kipi. Nakujibu kwa kirefu maana hii kitu naipenda kweli, na huku kwetu Tanga tunavisoma kwa sauti barazani Ngamiani, mmoja anasoma wengine wanasikiliza, kikiwa cha Kiingereza mie nakifasiri palepale. Kwa hiyo ntakayosema mengi nimeyapata hapo barazani.

Kama tunavyo? Tunavyo, na kimoja kimeandikwa na mtoto wa hapahapa, ntamfikia. Hilo la faida ndo refu.

Kinachotajwa sana ni Utopia cha Mwingereza Thomas More, kilitoka mwaka 1516 kwa Kilatini. Msafiri anaitwa Raphael anahadithia kisiwa alichofika, miji 54, hakuna mwenye mali ya peke yake, kila mtu anafanya kazi masaa 6 kwa siku na muda unaobaki ni wa kusoma na kupumzika, dhahabu hawaitaki kabisa wanaifanyia vyombo vya kujisaidia usiku. Nilipofika kwenye masaa 6 mzee mmoja akasema rudia hapo. Marehemu baba yake alikata mkonge enzi za kipande, ile kadi ya siku 30 ambayo mpaka ijae ndo ulipwe, sasa mtu kama huyo akisikia masaa 6 humwambii kitu, alifurahi mpaka akasimama.

Lakini kulikuwa na bi mkubwa mmoja, anakaanga vitumbua asubuhi, kakaa kimya muda wote, akauliza hivi: na chakula nani anapika? Nikaenda kutafuta, kwa sababu kiukweli watu wengi wanaosifia kile kitabu hilo hawalisemi. Jibu limo ndani. Wanakula pamoja kwenye kumbi kubwa, wanaopika ni wanawake kwa zamu, na zile kazi nzito na chafu za humo kwenye kumbi wanafanya watumwa. Watumwa, ndani ya nchi ya haki! Na ile dhahabu ndo wanayofungiwa minyororo. Nilivyosoma hayo baraza lilichafuka, maana pwani hii huna haja ya kumweleza mtu mtumwa ni nani, Pangani na Bagamoyo zote zilikuwa bandari za kusafirishia watu. Bi mkubwa akasema basi hiyo nchi sio nzuri, ina wenye raha na wenye kuwafanya wale wapate raha.

Toka siku hiyo kila kitabu cha namna hii tunakiuliza swali lake, nani anapika, yaani raha ya hiyo nchi imebebwa na mgongo wa nani na nani kaachwa nje. Na hapo ndo utaona faida yake mkuu, ukishazoea kuuliza hivyo kwenye kitabu utauliza na kwenye hotuba, na kwenye mradi, na kwenye kila ahadi utakayoletewa.

Muulize Al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 950, miaka mia tano na zaidi kabla ya More, ameandika mji bora unavyotakiwa uwe, kiongozi ni kama moyo na raia ni viungo, kila kiungo na kazi yake. Kwenye maandishi yake utakuta kuna watu anawafananisha na magugu yanayoota katikati ya ngano. Wenye mawazo tofauti ndo hao magugu! Muulize Tommaso Campanella, Mtaliano, huyu aliandika Mji wa Jua akiwa gerezani Naples mwaka 1602, na gerezani alikaa miaka kama 27, kwake yeye ndani ya mji watumwa hawawekwi na kazi ni masaa 4 tu kwa sababu kila mtu anafanya, mtu akisikia hapo anaona afadhali huyu. Shida yake ni kwamba wakubwa wa mji ndo wanaopanga nani alale na nani ili watoto wazaliwe na afya. Barazani hakupata hata mtetezi mmoja.

Aliyemjibu bi mkubwa sawasawa ni mwanamke, Mwislamu wa Bengal, Rokeya Sakhawat Hossain. Mwaka 1905 alitoa hadithi fupi tu, Ndoto ya Sultana, ya nchi inayoendeshwa na wanawake na wanaume ndo wanakaa ndani hawatoki. Mgeni akipelekwa jikoni anakuta hamna moshi, hamna makaa, hamna hata bomba la moshi, wanapikia joto la jua walilolikusanya! Mwaka 1905 hiyo. Tena kazi ni masaa 2 kwa siku, akaeleza na sababu, kwamba wanaume walikuwa wanapoteza muda mwingi ofisini kwa kuvuta sigara. Niliisoma yote siku moja na wakina mama wakaomba irudiwe. Ndiyo, wanaume wamefungiwa ndani na hilo nalo ni la kuulizwa, ila yeye alijua anachokifanya, aliwageuzia kibao ili wauonje ule utawa waliowawekea wenzao.

Alafu kuna hiki ambacho mtu wa pwani inabidi akijue. Mwaka 1890 mchumi wa Vienna, Theodor Hertzka, aliandika Freiland, nchi huru ya ushirika isiyo na kodi ya ardhi wala riba, na akaiweka wapi? Mlima Kenya! Watu wake wanashukia Mombasa wanapanda bara wanajenga. Kitabu kikapendwa, vyama vikaundwa Ulaya, na mwaka 1894 kundi likatumwa kweli likafika Lamu likaanze hiyo nchi. Hawakufika mbali, wakagombana wenyewe kwa wenyewe, na Waingereza hawakuwapa msaada, msafara ukavunjikia hukohuko pwani. Mie kinachoniuma ni kwamba mtu kakaa Vienna kaota haki ya kila binadamu, alafu katika kuota kwake ardhi ya watu ipoipo tu inasubiri wageni. Huyo ndo mfano wangu mkubwa wa aliyeachwa nje.

Sasa Shaaban Robert, huyo mtoto wa hapahapa niliyemsema mwanzo. Alizaliwa 1909 Vibambani, Machui hapo kusini ya mji, akafariki 1962. Miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, forodhani toka 1926 mpaka 1944, mwishoni ofisi za hapa Tanga. Kusadikika kilitoka 1951 akiwa bado karani, kumbuka hilo unapokisoma. Nchi iko angani, na Karama yuko kizimbani, kosa lake kafundisha watu elimu ya sheria, anayemshtaki ni Waziri Majivuno. Karama kwenye utetezi wake hajitetei yeye, anahadithia wajumbe sita waliotumwa na nchi yenyewe kwenda pande zote nne, na mbinguni, na ardhini. Wakahangaika, wakaona wenzao wanavyoishi vizuri, wakarudi na habari, na kila aliyerudi akatiwa gerezani.

Unaona alichofanya? Kwa More nchi nzuri ni moja iko mbali, na msafiri akirudi anakaribishwa bustanini anahadithia watu wanasikiliza. Shaaban nchi mbaya ndo kaiweka katikati, nzuri zimeizunguka, safari zimeshafanyika na majibu yalishaletwa, tatizo lipo kwa anayepokea. Mzigo umebebwa na wajumbe. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, kama hawataki habari kwanini wanawatuma? Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Mimi naona ni kwa sababu mtu aliyekaa ofisini miaka yote ile alishaona tume inaundwa kwa shangwe na ripoti inaishia kabatini, wakubwa wanataka waonekane wanatafuta. Mzee wetu wa mkonge yeye alisema wanawatuma ili wawajue wenye akili ni wakina nani. Sijasikia jibu lililozidi hilo.

Vya karne ya 20 ntapita haraka, hivi vya nchi mbaya za kesho, We cha Mrusi Zamyatin miaka ya 1920, Brave New World cha Mwingereza Huxley 1932, na 1984 cha Mwingereza mwenzake Orwell kilichotoka 1949, hivyo vinajulikana. Ila cha Orwell cha kuanzia ni kingine, Shamba la Wanyama, kwa sababu Kiswahili chake kipo toka 1967, alikitafsiri Fortunatus Kawegere, na swali la bi mkubwa linajibiwa na yule farasi Boxer, kafanya kazi kuliko wote na alipochoka akauzwa.

Na usikipite Walenisi cha Katama Mkangi, Mkenya wa pwani, 1995. Mtu kahukumiwa kifo akarushwa na chombo wakijua ndo basi tena, akaangukia nchi ya usawa. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, na inaonekana. Kwangu mimi ndo mdogo wake Kusadikika wa damu, kule anayeleta habari anafungwa, huku aliyetupwa ndo anayefika.

Kwa hiyo anza na Kusadikika, kurasa zake chache, Kiswahili chake kizito kidogo mwanzoni ila usome kwa sauti kitafunguka. Kisha Walenisi. Ndoto ya Sultana ipo bure mtandaoni kwa Kiingereza, jioni moja unamaliza. More mwache wa mwisho, na ukifika kwenye kumbi za chakula usiruke.