Mwangalie mgonjwa kabla hajajua unamwangalia

Kijana mmoja anayefanya staji ya kine (tiba ya mazoezi ya viungo) hapa Goma ameniandikia. Msimamizi wake anamkemea kila siku kwa sababu kwenye fishi, kadi ya mgonjwa, anaandika neno moja tu: "anachechemea". Anauliza aandike nini zaidi.

Pole, mdogo wangu, lakini msimamizi wako ana haki. Kuchechemea hata mama muuza ndizi pale Birere anakuona. Kazi yetu ni kujua kinachochechemesha.

Mimi huanza kuangalia mgonjwa akiwa bado getini. Ukimwambia "tembea nikuone", atatembea kama yuko mbele ya askofu, na hapo umeshapoteza mwendo wake wa kweli.

Juzijuzi aliletwa mtoto kutoka Ndosho. Barua ya daktari ilisema goti. Nikasikia kabla sijaona: pa, pa, wayo unapiga sakafu. Halafu nikaona anainua goti juu kupita kiasi ili vidole visiburute. Goti lilikuwa zima kabisa, linafanya tu kazi ya wayo usioinuka! Nikauliza, "Mama, huyu alichomwa sindano ya matako?" Ndiyo, ya kinini, alipougua malaria. Sindano ya pale ikikosea njia inaumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana mtoto mdogo huchomwa pajani, upande wa nje.

Nikampigia daktari. Akacheka. Akaniambia kazi ya kine ni kukanda, uchunguzi nimwachie yeye. Baadaye alimpima mwenyewe, akakubali, lakini alimwambia mama, si mimi. Sawa. Mtoto ana ateli, kifaa cha kushikilia wayo, na mazoezi yanaendelea.

Kwa hiyo angalia. Mbele, nyuma, ubavuni, na uangalie tena. Katika mwendo wa kawaida kila mguu hukaa chini karibu asilimia 60 ya muda, tangu ukanyage hadi ukanyage tena. Anayeuinua mguu mmoja haraka baada ya kuukanyagia, mara nyingi unamuuma. Ukiwa nyuma, fuata mkanda wa suruali: akikanyagia mguu wa kulia na nyonga ya kushoto ikashuka, misuli dhaifu ni ya nyonga ya kulia. Wengi wenu mnatibu upande usiokosa kitu. Kwa wazee chukua saa: ainuke kitini, aende mita 3, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi, huyo yuko hatarini kuanguka.

Kisha mtoe nje. Simiti ya korido inadanganya, na mgonjwa wako anaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Nimeona wazee wanaopita vizuri ndani wakishindwa kufika barabarani.

Vijana mnalilia mashine za Ulaya. Simu unayo. Omba ruhusa, iweke kimo cha nyonga, piga video, uirudie polepole. Na acheni kunakili barua ya daktari kwenye fishi zenu. Yeye mgonjwa alimwona akiwa amelala kitandani.