Maswali ya Wasomaji: Gari Lililoshika Upepo

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninaendesha Toyota Noah ya zamani, ile ambayo injini yake imekaa chini ya viti vya mbele, na kazi yangu ni kubeba abiria kati ya Tabora mjini, Urambo na Kaliua. Mwezi uliopita nilibadilishiwa pampu ya maji, na tangu siku hiyo gari halijatulia. Geji ya joto hupanda ghafla hadi karibu na alama nyekundu, kisha hushuka yenyewe kabla sijapata hata pa kuegesha. Nikifungua hita inapuliza ubaridi ilhali injini ni ya moto, na asubuhi nikiwasha nasikia maji yakibubujika nyuma ya dashibodi. Rejeta ninaijaza mpaka mdomoni kila siku. Fundi aliyenifanyia kazi anashauri tuitoe themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Je, nikubali?
Msomaji, Kaliua

JIBU: Marahaba. Usikubali. Dalili ulizozieleza, yaani geji inayopanda na kushuka bila sababu, hita inayopuliza ubaridi na maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi, zote zinaelekeza mahali pamoja: gari lako limeshika upepo, yaani hewa imenaswa ndani ya mfumo wa maji ya kupozea injini, na upepo huo uliingia siku ile mfumo ulipomwagwa maji ili pampu ibadilishwe, kisha ukajazwa kwa haraka.

Kujaza rejeta mpaka mdomoni si sawa na kuujaza mfumo wote. Maji yakimiminwa kwa kasi hupita chini na kuifungia hewa juu, hasa ndani ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na katika mabomba ya hita, na hewa hiyo haina pa kutokea. Katika gari lenye injini mbele ya dereva, mdomo wa rejeta mara nyingi uko juu kiasi cha kuiruhusu hewa ipande yenyewe. Noah yako na Hiace za aina hiyo zina shida ya ziada, kwa kuwa injini iko mbali na rejeta na mabomba yanayoziunganisha ni marefu, yanapanda na kushuka, na kila kona iliyoinuka ni maficho mazuri ya hewa.

Hewa kidogo tu inatosha kuleta matata, kwa sababu pampu ya maji imeundwa kusukuma maji; ikikutana na povu la hewa, mapanga yake huzunguka bure na mzunguko wote hulegea. Themostati nayo hufunguka pale nta iliyomo ndani yake inapoyeyuka na kutanuka, kwa kawaida kwenye nyuzi 82 hivi au zaidi kidogo kulingana na gari, lakini nta hiyo inategemea kuguswa na maji ya moto. Ikizungukwa na hewa huchelewa kufunguka, maji ndani ya injini yanaanza kuchemka, kisha inafunguka kwa ghafla na geji inashuka. Kuna hatari nyingine ambayo madereva wengi hawaijui: kipimo cha joto kikiwa ndani ya hewa badala ya maji, geji inaweza kukuonyesha kwamba kila kitu ni shwari wakati silinda hedi inaungua.

Sasa nieleze namna ya kuutoa. Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, nami napendelea asubuhi, kwa maana mfuniko wa rejeta ya moto ukifunguliwa hurusha maji na mvuke ambao umewachoma watu wengi usoni na mikononi. Egesha gari ili mdomo wa kujazia maji uwe juu kuliko sehemu nyingine za mfumo. Kwa Noah maana yake ni kuinua upande wa mbele. Tabora yetu ni tambarare, hivyo usitegemee kupata kilima karibu na gereji, bali panda juu ya mbao nene zilizopangwa vizuri, vuta breki ya mkono na uzibe magurudumu ya nyuma kwa mawe. Weka hita kwenye joto la juu kabisa ili njia zake zifunguke, na kama gari lako lina hita ya nyuma, ifungue pia. Mafundi wengi huisahau hiyo ya nyuma, na ndiyo inayowarudisha wateja.

Mimina polepole, ukisimama kila mara ili hewa ipate kupumua, na uyaminye mabomba ya mpira kwa mkono huku ukitazama mapovu yakitokea mdomoni. Ikiwa kuna skrubu ya kutolea upepo juu ya bomba au karibu na themostati, ilegeze mpaka maji yatoke mfululizo bila mapovu, kisha uikaze bila kuilazimisha, kwa sababu nyingine ni za plastiki na hukatika. Kisha tafuta faneli ndefu inayokaa mdomoni bila kuvuja. Wasio nayo hukata kitako cha chupa ya maji, huipindua na kuibana mdomoni kwa kipande cha mpira wa tyubu, na ni ufundi ninaouheshimu: faneli hiyo ikiwa na maji ndani huwa ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, na hewa haina budi kuielekea.

Washa injini ikiwa na faneli hiyo na uiache iungurume taratibu. Mapovu yatatoka, yatapungua, na kwa kitambo utadhani kazi imekwisha. Subiri, kwa sababu themostati bado imefungwa. Itakapofunguka, utaona maji yakishuka ghafla ndani ya faneli na rejeta ikianza kupata joto, na hapo ndipo unapoongeza maji na kupandisha mzunguko wa injini mara kadhaa hadi kama 2,000 kwa dakika, kisha kuushusha. Endelea mpaka hita ipulize moto wa kweli na mapovu yakome. Zima, acha ipoe, toa faneli, funga mfuniko, na ujaze kopo la akiba katikati ya mistari yake miwili. Kesho yake asubuhi pima tena, kwani kiasi kidogo kushuka mara ya kwanza si ajabu.

Kwa habari ya themostati: katika injini nyingi za Toyota, kifaa hicho kikifunguka huifunga pia njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukikitoa, njia hiyo hubaki wazi siku zote, na gari huweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo kwenye safari ndefu. Asubuhi nako injini huchelewa kupata joto na hula mafuta zaidi. Kama ni mbovu, nunua nyingine, na unapoifunga angalia kama ina kitundu chenye kipini kinachocheza. Kwa kawaida kitundu hicho hukaa upande wa juu, kwani kazi yake ni kupitisha hewa.

Usisahau mfuniko wa rejeta, ambao watu huudharau kwa udogo wake. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye chombo kilicho wazi maji huchemka hapa karibu na nyuzi 96. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9, ambacho ni kipimo cha mgandamizo wake, hushikilia mgandamizo unaoyazuia kuchemka mpaka yapite nyuzi 115. Pia una vali ndogo ya pili inayoyaruhusu maji kurudi kutoka kopo la akiba injini inapopoa. Mpira wake ukipasuka, rejeta hunyonya hewa badala ya maji, na upepo ulioutoa jana utaukuta tena leo.

SWALI: Je, naweza kujaza rejeta kwa maji ya Ziwa Tanganyika?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Kwa dharura ya kukufikisha nyumbani, naam; kwa matumizi ya kila siku, hapana. Maji ya ziwa hilo yana madini mengi yaliyoyeyuka, nayo huacha utando mgumu kama ule wa ndani ya birika la chai. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa tayari, au changanya na maji safi yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, ila soma chupa vizuri, kwani dukani asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo usiimwage mahali ambapo watoto, mbwa au kuku wanapita.

SWALI: Nimetoa upepo mara tatu kwa utaratibu sahihi, lakini mapovu hayaishi. Nifanyeje?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Mapovu yasiyokwisha mara nyingi si hewa iliyosalia, bali ni gesi ya moshi inayopenya kutoka kwenye silinda kupitia gasketi iliyoungua, ile inayoziba kati ya silinda hedi na injini. Washa injini ya baridi na ushike bomba la juu la rejeta: likiwa gumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, shaka inazidi kuwa kubwa. Chunguza kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kama moshi wa nyuma ni mweupe na unaendelea hata injini ikishapata moto. Gereji zenye vifaa huwa na dawa ya bluu inayogeuka kuwa njano inapokutana na gesi hiyo mdomoni mwa rejeta. Ikigeuka, acha kuendesha gari, na fundi atakapofungua silinda hedi mwambie aipime kwa rula ya chuma iliyonyooka kabla ya kuweka gasketi mpya, kwa kuwa silinda hedi iliyopinda huiunguza hata gasketi iliyonunuliwa leo.