Usinunue bado, kiazime kupitia maktaba yako

Mdogo wangu, umeuliza kama ununue kile kitabu cha zamani cha historia ya Unguja, kwa kuwa maktaba ya chuo chako huko Ohio haina. Usitoe hela bado. Maktaba za Marekani huazimana vitabu, na mwanafunzi kwa kawaida halipi kitu.

Kitafute kwanza WorldCat, katalogi ya mtandaoni ya vitabu vya maktaba nyingi duniani, nakili namba yake ya OCLC (namba ya utambulisho ambayo katalogi hiyo hulipa kila toleo), kisha jaza fomu ya maombi kwenye tovuti ya maktaba yako. Namba hiyo ni muhimu sana: vitabu vyetu vina matoleo mengi, na bila namba unaweza kuletewa toleo jingine. Kitabu kitatumwa kwenye maktaba yako, ukichukue hapo. Ukitaka sura moja tu, omba nakala ya skani. Hufika haraka zaidi.

Tarehe ya kurudisha hupangwa na maktaba yenye kitabu, kwa hiyo ukihitaji kuongezewa muda, omba mapema.

Na magazeti ya zamani je? Muulize mkutubi kuhusu CAMP, mradi wa ushirikiano wa maktaba ulioanza 1963, wenye mikrofilamu (filamu zenye picha ndogo za kurasa) za Afrika zinazotunzwa Chicago. Hazina hiyo wanafunzi wetu wengi hawaijui, na inaniuma.